Je, wajua? Mwongoza ndege hamwambii rubani namna ya kutua

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ndege ikiharibika angani, kuna mtu mnarani anayeirusha kwa maneno: shusha pua, punguza kasi, sasa pinda kushoto. Rubani kazi yake kutii. Nilikuwa nimekosea kabisa, na nimekutana na wengi wenye imani hiyohiyo.

Mwongoza ndege haoni hata mshale mmoja wa vipimo vilivyo mbele ya rubani. Rada humwonyesha ndege iko wapi, kimo chake na kasi yake, basi. Mtetemo wa injini hausikii, harufu ya moshi haimfikii, na huenda hajawahi kuirusha ndege ya aina ile. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za anga zinampa rubani kiongozi kauli ya mwisho.

Tarehe 15 Januari 2009, ndege ya US Airways safari namba 1549 iligonga bata bukini muda mfupi baada ya kuruka kutoka uwanja wa LaGuardia, New York, ikapoteza nguvu ya injini zote mbili. Mwongoza ndege Patrick Harten alimpa rubani Chesley Sullenberger njia ya kutua palepale LaGuardia. Rubani akajibu: haiwezekani. Harten akamtafutia nyingine kwenye uwanja wa Teterboro, ng'ambo ya mto. Haiwezekani. Sullenberger akatua kwenye mto Hudson, na watu wote 155 wakatoka hai. Katika mazungumzo yale Harten anatoa nafasi, haamuru.

Mfikirie askari wa usalama barabarani kwenye makutano, gari la wagonjwa linapokuja. Hamwambii dereva abadilishe gia lini. Anasimamisha magari mengine, anafungua njia, anapiga simu hospitali wajiandae. Mwongoza ndege naye huwasogeza wengine, huwaita zimamoto, na inapowezekana humwacha rubani kwenye masafa yaleyale ya redio. Mtu anayepambana na usukani hafai kupewa kazi ya kutafuta masafa mapya.

Maswali yake ni machache: shida ni nini, mafuta yatadumu muda gani, ndani mna roho ngapi. Mafuta hutajwa kwa dakika kwa sababu dakika ndizo anazopangia foleni; kilo angelazimika kuzipigia hesabu, na ulaji wa kila ndege ni tofauti. Na huhesabiwa roho, si tiketi, ili wahudumu na mtoto anayepakatwa wasisahaulike waokoaji wanapohesabu watu.

Lakini king'ora cha gari hili la wagonjwa hakijiwashi. Rubani hukiwasha kwa kutamka "Mayday" mara tatu, au "Pan-pan" mara tatu kama hali ni ya haraka ila hatari haijawa kubwa. Anaweza pia kuweka namba 7700 kwenye transponda, kifaa cha ndege kinachoijibu rada, na alama yake ikajitofautisha kwenye skrini ya rada. Bila hayo, sauti yake ni moja tu kati ya nyingi zinazoomba nafasi.

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca safari namba 52 iliyotoka Colombia ilizungushwa angani zaidi ya saa nzima ikisubiri kutua New York. Marubani waliomba kipaumbele, wakasema mafuta yanaisha, ila hawakutangaza dharura. Mafuta yalikwisha, ndege ikaanguka Cove Neck, na watu 73 kati ya 158 wakafa. Sidai kwamba neno moja lingewaokoa wote. Wachunguzi walitaja pia kukosekana kwa msamiati wa pamoja kuhusu mafuta kidogo. Hata hivyo, baada ya jaribio la kwanza la kutua kushindikana, mwongoza ndege aliwaeleza kwamba angewapeleka maili 15 hivi kabla ya kuwarudisha, akawauliza kama mafuta yao yataruhusu. Rubani msaidizi alijibu kwamba anadhani ndiyo, asante sana.