Petroli haitokani na dinosaria

Kuna ujumbe wa siku nyingi kwenye magrupu: eti kampuni kubwa za mafuta za Ulaya zilitajirika kwa mizoga ya dinosaria. Si kweli. Mafuta ya Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza na Norwe, yalitokana hasa na mwani na planktoni (viumbe vidogo sana vinavyoelea majini) vilivyozama miaka milioni 150 hivi iliyopita, vikafukiwa na tope, vikapikwa na joto la ardhini. Ushahidi umo ndani ya mafuta ghafi yenyewe: maabara hukuta masalia ya klorofili, ule ukijani wa majani na wa mwani. Mfupa hauna klorofili. Nadhani neno “kisukuku” (masalia ya viumbe wa kale), kama katika “mafuta ya kisukuku”, ndilo linalotuchanganya; tukilisikia tunawaza mifupa ya makumbusho. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Watoto wetu wanausoma pia.