Unaomba kitufe, sisi tunatafuta shida iko wapi: mapendekezo ya pleya ya muziki ukiyaangalia kwa ndani

Mi ni mmoja wa watu wanaojitolea kuandika pleya ya muziki ya kompyuta, ile ya programu huria, yaani msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuuchukua akaubadilisha anavyotaka. Siku hizi muda wangu mwingi unaishia kwenye kusoma mapendekezo ya watumiaji na kuamua lipi liingie, lipi lisubiri na lipi hapana. Na nilichokiona ni kwamba karibu kila mtu anaomba kitufe. Weka kitufe cha hiki, weka seting ya kile. Ila ukimuuliza kidogo unakuta kuna kitu kinamkera huko chini kabisa, kwenye sauti au kwenye faili zenyewe, na kitufe ndo dawa ya kwanza iliyomjia kichwani. Simlaumu, maana kitufe ndo anachokiona. Sasa wacha nieleze machache yanayorudi rudi, ili ukileta la kwako ujue huku tunaliangaliaje.

Tuanze na shafo, yaani kupiga nyimbo kwa mpangilio wa kubahatisha, kwa sababu hiyo ndo bingwa wa malalamiko. "Shafo yenu mbovu, inampiga msanii yuleyule mara mbili mfululizo, wekeni kitufe cha shafo ya kweli." Jamani, hiyo ndo ya kweli! Chukulia una nyimbo 100 za wasanii 10, kila mmoja ana nyimbo 10. Wimbo mmoja ukiisha zimebaki 99, na 9 kati ya hizo ni za msanii yuleyule, kwahiyo kumsikia tena hapohapo ni nafasi 1 katika 11. Ukisikiliza zote 100 mpaka mwisho, hali hiyo itakukuta kama mara 9 hivi, na hakuna aliyekuibia. Anachotaka huyu mtu ni nyimbo zitawanywe, msanii akipita akae mbali kidogo kabla hajarudi, na hiyo ni kazi tofauti kabisa ambayo inabidi tuchanganye orodha alafu tuirekebishe kwa makusudi. Hilo tulilikubali, ila kama chaguo la pembeni, kwa sababu kuna wanaotaka bahati nasibu isiyoguswa.

Kuna shafo mbovu kweli lakini. Ni ile ambayo kila wimbo ukiisha programu inachagua mwingine kwa kubahatisha bila kukumbuka imepiga nini. Kwa nyimbo zilezile 100, ukishapiga mara 100 kuna kama 37 hujazisikia hata mara moja, huku nyingine zimerudi mara tatu. Njia inayofaa ni kuichanganya orodha nzima mara moja kama karata, kisha unashuka nayo mpaka chini. Faida yake nyingine watu hawaioni mpaka wabofye kitufe cha kurudi nyuma: orodha ipo, kwahiyo unarudi kwenye wimbo uliotoka kuusikia na siyo mwingine wa kubahatisha.

Haya, lingine ambalo nalipenda sana, ni kile kimya kifupi kati ya wimbo na wimbo. Ukisikiliza albamu iliyorekodiwa laivu, watu wanapiga makofi, wimbo unaisha, pap, kimya, alafu makofi yanaendelea. Inaudhi. Pendekezo linalokuja ni "wekeni krosifedi ya nusu sekunde", yaani wimbo mmoja ufifie huku mwingine ukipanda. Hapo mtu ameona shida sawasawa ila dawa si yenyewe, maana krosifedi inakoroga mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa mwingine, na kwenye albamu laivu utasikia makofi yakizama na kuibuka.

Kimya kinatoka wapi? Kwenye MP3 sauti inahifadhiwa kwa mafungu ya sampuli 1152, na sampuli ni namba moja inayopima wimbi la sauti kwa nukta moja ya muda. Muziki wa CD una sampuli 44100 kwa sekunde, kwahiyo fungu moja ni kama milisekunde 26. Wimbo hauwezi kuishia pazuri kwenye mpaka wa fungu kila siku, kwahiyo enkoda, ile programu inayotengeneza MP3, inajazia kimya mwishoni. Mbele nako kuna nyongeza: enkoda ya LAME kwa kawaida inaweka sampuli 576, na dikoda, inayoifungua MP3 wakati wa kupiga, nayo ina ucheleweshaji wake wa sampuli 529, jumla 1105, sawa na milisekunde 25. Kidogo mno kwenye wimbo wa kawaida, ila katikati ya makofi sikio linakamata palepale. Bahati nzuri LAME inaandika kwenye fungu la kwanza la faili kwamba imeongeza sampuli ngapi mbele na ngapi nyuma, kwahiyo pleya inayojali inasoma hiyo taarifa na kukata kilichozidi. FLAC, aina nyingine ya faili za muziki, haina huo mzigo, inahifadhi idadi kamili ya sampuli za wimbo.

Kukata tu hakutoshi lakini. Inabidi wimbo unaofuata ufunguliwe kabla huu haujaisha, sampuli zake zimiminwe kwenye mkondo uleule wa sauti bila kufunga na kufungua upya kifaa cha sauti cha kompyuta. Na hapo ndo tunakwama kwenye kesi moja: wimbo wa kwanza una sampuli 44100 kwa sekunde, wa pili 48000. Sasa uchague, ama ubadilishe kiwango cha mmoja wao kwa hesabu ili mkondo usikatike, ama ufungue kifaa upya ukubali mpasuko mdogo. Wapenzi wa sauti isiyoguswa watakuja juu ukichagua la kwanza, wengine wote watalalamika ukichagua la pili. Sisi tukaenda na la kwanza na kuwaachia hao wapenzi seting yao.

"Wekeni sauti ifike asilimia 200" nalo ni la kila wakati. Linawezekana, pleya ya VLC mfano inakuruhusu kupita 100. Ila angalia kinachotokea: kwenye sauti ya biti 16 namba kubwa kabisa ya sampuli ni 32767. Ukiwa na sampuli yenye 20000 ukaizidisha mara mbili unapata 40000, haiingii, inakatwa kwenye 32767, na jirani zake wakubwa nao wanakatwa hapohapo. Lile wimbi lililokuwa na kilele cha duara linakuwa na kichwa bapa, na we unasikia mkwaruzo. Mara nyingi anayeomba hivi ukimuuliza unakuta shida yake ni wimbo mmoja uliorekodiwa chini ukiwa katikati ya nyimbo zinazopiga kelele. Dawa ya hilo ipo tangu 2001, inaitwa ReplayGain, aliyeipendekeza ni David Robinson: programu inapima wimbo unasikika kwa ukubwa gani kwa sikio la mtu, inaandika kwenye tagi ya faili, yaani sehemu ya taarifa kama jina la wimbo na msanii, "punguza desibeli kadhaa" au "ongeza kadhaa", na sauti yenyewe ndani ya faili haiguswi hata kidogo. Baadaye 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya ukatoa kipimo chao cha R128 ambacho kinapima vizuri zaidi, na programu nyingi siku hizi zinapima kwa hesabu hiyo.

Kitu cha kujua hapo ni kwamba kuna namba mbili, ya wimbo na ya albamu. Ukitumia ya wimbo kwenye albamu nzima, kile kipande cha taratibu ambacho msanii alikusudia kisikike chini kitapandishwa kilingane na kile cha fujo. Kwahiyo pendekezo zuri kabisa nililowahi kulisoma kwenye hili lilikuwa fupi: ukipiga albamu kwa mpangilio wake tumia namba ya albamu, ukiwa kwenye shafo tumia ya wimbo, na usiniulize. Hakuna kitufe kipya. Tuliliingiza.

Kava za albamu nitapita haraka. Picha ya JPEG ya pikseli 3000 kwa 3000 inaweza kuwa na megabaiti mbili tu kwenye diski, ila ikifunguliwa kwenye RAM kila pikseli inakula baiti 4, kwahiyo ni megabaiti 36 kwa kava moja. Ukitaka ukurasa wenye kava 200 kwa ukubwa wake halisi hesabu mwenyewe. Ndo maana tunatengeneza nakala ndogo na kuzihifadhi pembeni, na ndo maana ukibadilisha kava wakati mwingine unaona ya zamani mpaka nakala itengenezwe upya. Hiyo ya pili ni hitilafu, inafanyiwa kazi.

Kwenye tagi kuna mambo. Mtu ana albamu ya mkusanyiko yenye wasanii 15, kwenye maktaba zinatokea albamu 15 zenye jina moja, kila moja na wimbo mmoja, basi anaomba kitufe cha "unganisha". Kinachokosekana ni tagi ya msanii wa albamu, ambayo ni tofauti na msanii wa wimbo. Kwenye ID3, mfumo wa tagi za MP3, watu wamezoea kuitumia sehemu inayoitwa TPE2 kwa kazi hiyo. Ukiijaza na jina moja kwa nyimbo zote 15, zinajikusanya zenyewe, na ukihamia pleya nyingine zinaenda hivohivo, wakati kitufe changu cha kuunganisha kingefanya kazi kwangu tu.

Wengine wanasema basi pleya irekebishe tagi zote yenyewe ikiskani. Hapo mi ni mgumu. Tagi ya ID3v2 inakaa mwanzoni mwa faili na kwa kawaida imeachiwa nafasi kidogo ya kukua, ikijaa inabidi faili zima liandikwe upya ili sauti isogezwe mbele. Umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo na mwandishi wa programu hakuwa makini, wimbo umeondoka. Sisi tunaandika faili jipya pembeni kwanza, likikamilika ndo linachukua jina la lile la zamani, na bado hatugusi kitu mpaka mwenye nyimbo abofye kukubali.

Sasa pendekezo ambalo linaonekana dogo kuliko yote na ndo la hatari kuliko yote: "nyimbo zilizofutwa ziondolewe kwenye maktaba moja kwa moja." Nani atakataa? Mpaka ujiulize programu inajuaje kwamba wimbo umefutwa. Inaangalia njia ya faili, haioni kitu, basi. Sasa mwenye nyimbo ameziweka kwenye diski ya nje, amewasha kompyuta amesahau kuichomeka. Pleya inafunguka, inaskani, haioni hata wimbo mmoja, inasafisha kila kitu. Akichomeka diski kesho nyimbo zitarudi sawa, ila nyota alizozipa, hesabu ya mara alizosikiliza, tarehe ya kuongeza, hivyo vilikuwa kwenye databesi yetu tu na vimeenda. Kwahiyo tunaziwekea alama ya "haionekani" na kuzififisha kwenye orodha, na folda nzima ikipotea kwa mpigo hatugusi chochote, maana watu hawafuti folda nzima ya muziki kirahisi hivo. Aliyeleta pendekezo hakufurahi. Anataka orodha safi, na anayo haki, ndo maana kuna amri ya kusafisha kwenye menyu, ila lazima aibofye mwenyewe.

Kuhusu muonekano, sina ubishi na anayesema "rudisheni ule wa zamani". Watu wanafikiri ni ukaidi, ila kwenye programu huria hilo limewahi kuzaa programu nzima. Pleya ya Amarok ilipobadilika sana kwenye toleo la 2, kuna waliobaki na mapenzi na Amarok 1.4, wakaichukua wakaijenga upya ikawa Clementine, na humo nako baadaye ikatoka Strawberry. Nachokataa ni lile la "basi wekeni yote mawili kama seting". Seting 10 tu za kuwasha na kuzima zinatoa michanganyiko 1024, na hitilafu inapenda kujificha kwenye ule mchanganyiko mmoja ambao hakuna anayeutumia isipokuwa mtu mmoja, ambaye atatuandikia kwa hasira.

Tukija kwenye namna ya kuandika pendekezo, angalia tofauti. La kwanza: "kuruka mbele hakufanyi kazi vizuri, wekeni kitufe cha kuruka dakika moja." La pili: "nina mix ya MP3 ya saa mbili, nikibofya dakika ya 60 muda unaonyesha 60 ila nasikia kilichotakiwa kuwa dakika ya 61, nyimbo fupi ziko sawa, FLAC ziko sawa." La pili nikilisoma tu najua pa kwenda bila kuuliza kitu. MP3 ambayo idadi ya biti kwa sekunde inabadilika badilika kwa kawaida inabeba jedwali la alama 100 la kukisia sehemu gani ya faili ni dakika ipi, kwa mix ya saa mbili kila alama inabeba sekunde 72, tena nafasi yenyewe imeandikwa kwa baiti moja tu, kwahiyo kukosea kwa dakika nzima kunawezekana kabisa. Dawa yake ni kuyapitia mafungu yote ya faili mara moja na kutengeneza jedwali letu la kina. Kitufe cha kuruka dakika moja kingemrusha kutoka sehemu isiyo sahihi kwenda nyingine isiyo sahihi.

Na kama unataka kuchangia msimbo na hujui uanzie wapi, anzia kwenye vitufe vilivyopo. Bado kuna vingi vyenye picha tu bila maandishi nyuma yake, mtu asiyeona akitumia kisomaji cha skrini anasikia "kitufe, kitufe, kitufe" na hajui kipi cha kusimamisha na kipi cha kufuta orodha. Kuviwekea majina ni mstari mmoja wa msimbo kwa kila kimoja, hakuhitaji ujue lolote kuhusu sauti, na mabadiliko ya namna hiyo nayapitia haraka kuliko yote.