Grisi huharibikia koponi kabla ya kufika kwenye beringi

Kabla Wajerumani hawajaizamisha meli yao katika Ziwa Tanganyika Julai 1916, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Meli iliopolewa mwaka 1924, mitambo ikiwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kila mwanafunzi mpya wa ufundi mitambo hapa Kigoma namsimulia habari hiyo, kisha namwonyesha kopo la grisi lililoachwa wazi karakanani wiki moja tu ya kiangazi. Chuma kilistahimili miaka minane ziwani, lakini grisi ya kopo lile siwezi kuitia hata kwenye baiskeli.

Mwenye mashine moja ya kusaga alinijia akilalamika kwamba anauziwa beringi bandia, maana mbili zilikuwa zimekufa ndani ya miezi michache. Nikaomba kuona kopo lake. Lilifunikwa kwa kipande cha boksi, na kijana wake alichotea kijiti alichookota chini. Nikachukua kidogo, nikaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada karibu na sikio: kwaru, kwaru. Ulikuwa mchanga. Beringi zake hazikuwa na kosa. Kila alipozipiga grisi alizilisha msasa.

Kwa hiyo mfuniko ubane, na kijiko cha kuchotea kiwe cha chuma au plastiki, kifutwe kabla na baada. Futa pia tundu la kutilia grisi kwenye mashine na mdomo wa bomba la kupigia grisi, kwani uchafu wa hapo husukumwa ndani moja kwa moja.

Joto nalo lina madhara yake. Grisi ni mafuta yaliyoshikiliwa na sabuni maalumu, mithili ya maji ndani ya sifongo. Chini ya bati linalochomwa na jua la saa nane mchana, mafuta hujitenga na kuelea. Weka mahali pasipozidi nyuzi joto 40. Mafuta kidogo yakielea, yakoroge yarudi. Yakiwa mengi na chini pamekuwa pagumu, grisi hiyo usiitie kwenye mashine. Ukishachota, sawazisha uso; ukiacha shimo katikati, mafuta hukimbilia humo.

Ndoo na mapipa yasimame wima, juu ya mbao, ndani ya nyumba. Pipa likikaa nje, hewa ya ndani hupanuka mchana na kusinyaa usiku, na maji ya mvua yaliyotuama juu ya mfuniko yakafyonzwa ndani. Grisi ikigeuka nyeupe kama maziwa, ujue maji yameshaingia.

Msiongezee grisi mpya juu ya masalio ya aina nyingine. Rangi isiwadanganye: mbili zinaweza kufanana wekundu, na bado sabuni zake zisipatane, mchanganyiko ukalainika na kuvuja. Soma lebo, andika tarehe ya kufungua kwa kalamu isiyofutika, na ya zamani itumike kwanza.

Jambo moja linaniumiza kila nipitapo sokoni. Ndoo ya grisi, hata ikioshwa kwa maji ya moto na sabuni, haifai kuwekea mawese. Itoboe kitako, uitumie kuoteshea miche.