Mchungaji au shehe akija kitandani kwako: maswali na majibu kuhusu huduma ya kiroho hospitalini

Nimelazwa, na leo amekuja mtu akajitambulisha kuwa mchungaji wa hospitali. Je, hali yangu imekuwa mbaya kiasi hicho?

Hapana. Hofu hiyo inaeleweka, maana wengi tumezoea kumwona padri au shehe akiitwa mgonjwa anapokata roho. Mhudumu wa kiroho wa hospitali huwapitia wagonjwa wa kila aina: aliyevunjika mguu, mama anayesubiri upasuaji, mzazi ambaye homa ya mwanawe haijashuka. Kazi yake kubwa ni kusikiliza. Hofu ya kisu, aibu ya ugonjwa, ugomvi na ndugu usioisha, swali la "kwa nini mimi?", hayo ndiyo anayokuja kuyapokea. Ukitaka sala, mtasali. Usipotaka, mwambie tu. Matibabu yako hayapungui.

Kwani mchungaji wa mtaani hatoshi? Kwa nini afundishwe ndani ya hospitali?

Dini na hospitali ni marafiki wa zamani. Hospitali ya Beaune, Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1443, ilikuwa na vitanda na kanisa dogo katika ukumbi mmoja, ili mgonjwa afuate misa akiwa amelala. Lakini mafunzo rasmi ni jambo la karne iliyopita, na chanzo chake ni mgonjwa.

Anton Boisen, mchungaji wa Marekani, alipatwa na ugonjwa wa akili Oktoba 1920, akalazwa katika jimbo la Massachusetts kwa muda wa zaidi ya mwaka. Akiwa humo aliona kwamba madaktari hawakuwa na nafasi ya kuzungumza na wagonjwa, na kwamba wachungaji waliokuja kuendesha ibada waliijua dini lakini hawakuujua ugonjwa. Mmoja wao alihubiri lile neno la Mathayo: jicho lako la kuume likikukosesha, ling'oe. Boisen, aliyekuwa akisikiliza pamoja na wagonjwa wenzake, aliingiwa na hofu kwamba baadhi yao wangelitekeleza kama lilivyo. Kwangu mimi kisa hicho kinatosha kuonyesha kwamba nia njema peke yake haimfai mgonjwa.

Alipotoka alikwenda kusoma kwa daktari Richard Cabot, na mwaka 1924 akaajiriwa kuwa mchungaji wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester. Kiangazi cha 1925 akapokea wanafunzi wake wa kwanza wa theolojia, wanne. Mchana walifanya kazi za wahudumu wa wodi, na baadaye walikaa naye kuyajadili waliyoyaona. Alitaka wamsome mgonjwa kwa makini yale yale wanayosomea vitabu. Mmoja wa wanne hao, Helen Flanders Dunbar, alikuja kuwa daktari mashuhuri kwa utafiti wake juu ya uhusiano wa hisia na magonjwa ya mwili.

Mwaka 1933 Russell Dicks alianza uchungaji katika Massachusetts General Hospital. Yeye aliyaandika mazungumzo yake na wagonjwa, neno kwa neno kadiri alivyoyakumbuka. Wanafunzi wa kazi hii bado hufanya hivyo, kisha mwalimu na wenzao huyachambua na kumwambia mwanafunzi: "Hapa ulimkatiza. Hapa ulikimbilia kuomba kwa sababu ni wewe uliyekiogopa kimya." Ni mafunzo magumu, na mgonjwa ndiye anayefaidi.

Kwetu Afrika Mashariki yapo?

Yapo. KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, imekuwa ikitoa mafunzo ya aina hii. Njia nyingine ni tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa mwenye ugonjwa mzito, ambayo vituo vyake huitwa hospice. Daktari Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa mahututi ni ya mwili, ya akili, ya mahusiano na ya kiroho kwa pamoja. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Ndiyo maana mhudumu wa tiba shufaa, baada ya kukuuliza kuhusu maumivu, anaweza kukuuliza kama moyo wako una amani. Mjibu kwa ukweli.

Akiniombea, naweza kuacha dawa?

Usiache. Aliyefunzwa kazi hii haandiki dawa wala hazisimamishi. Mtu yeyote akikwambia uache ARV, insulini, dawa za kifafa au za shinikizo la damu kwa kuwa umeombewa, mwambie muuguzi mara moja, hata kama mtu huyo unamheshimu sana.

Mhudumu mzuri huisaidia tiba. Chukua mgonjwa wa kisukari anayeona kwamba akikosa funga ya Ramadhani amemwasi Mola wake. Daktari atamweleza hatari ya sukari kushuka, lakini shehe ndiye atakayemtuliza kwa kumkumbusha ruhusa ya mgonjwa iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 185.

Nitakayomwambia yatabaki siri?

Ndiyo, isipokuwa pale maisha yanapokuwa hatarini, kwa mfano ukisema unataka kujidhuru au kuna mtoto anayeumizwa. Hapo atalazimika kuwahusisha wengine.

Nimwiteje, na kama hospitali haina mtu wa dini yangu?

Mwambie muuguzi wa zamu, na utaje dini au dhehebu lako. Asipokuwepo, omba ruhusa ndugu zako wamlete kutoka msikitini au kanisani kwenu. Wakija wanawe mikono, wasiwe kundi kubwa, na sauti iwe ya chini kwa ajili ya jirani wa kitanda cha pili. Wakileta maji ya kombe, maji ya baraka au mafuta ya upako, mwonyesheni muuguzi kwanza. Aliyeambiwa asile wala asinywe kabla ya upasuaji asinywe hata funda moja, kwa sababu akiwa katika usingizi wa dawa kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Maji hayo yanaweza kusubiri mpaka daktari aruhusu.