Je, ukuta wa video unakujua wewe ni nani?

Wengi huamini kwamba sanaa ya video inayomwitikia mtazamaji, ile ambayo rangi ukutani hufuata mkono wako, humtambua mtu na hata kusoma hisia zake. Si ajabu, maana mwitikio huja papo hapo.

Kwa kawaida mashine huona kidogo sana. Kamera, mara nyingi ya miali ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), hunasa picha nyingi kwa sekunde. Programu hulinganisha kila picha na iliyotangulia, au na ile ya chumba kitupu, na kubakiza umbo lako tu, bila uso wala jina. Umbo hilo ndilo linaloendesha rangi. Wasanii walikuwa wakifanya hivi kwa kompyuta tangu miaka ya 1970. Zipo kazi zinazochambua nyuso, lakini hizo ni aina nyingine.

Jaribu mwenyewe. Simama tuli kabisa: kazi inayofuata mwendo itakupoteza. Kisha punga koti badala ya mkono. Rangi zikilifuata vilevile, hazijali ni nani aliyesimama hapo. Mwulize pia mhudumu wa ukumbi kama picha za wageni huhifadhiwa. Kwangu, hilo ndilo swali zito kuliko yote.