Je, wajua kwa nini farasi wa mbio za kuvuta kigari hukatazwa kupiga shoti, yaani kukimbia kwa kujirusha?

Baadhi ya miji ya Uholanzi, Hoorn ukiwa mmojawapo, ina mchezo wa sikukuu unaopendwa sana. Barabara ya mtaani hufungwa, humwagwa mchanga, na farasi hushindana wawili wawili kwa mwendo wa mita 300 hivi, kila mmoja akivuta kigari chepesi cha magurudumu mawili. Anayeshindwa anatoka, mshindi anakutana na mwingine. Kijiji cha Santpoort kina mbio hizi tangu 1759.

Sharti lao kubwa ni kwamba farasi aende matiti tu, yaani mwendo wa haraka usiofikia shoti. Akipiga shoti, dereva lazima amrudishe upesi, la sivyo anaondolewa. Na shoti ndiyo yenye kasi zaidi! Kwa nini basi?

Tazama miguu. Katika matiti, mguu wa mbele wa kulia hukanyaga pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili hufuata. Mgongo hauyumbi sana, na kigari huteleza nyuma yake kwa utulivu. Katika shoti, farasi hujirusha: kifua kinapanda, kiuno kinashuka, na kwa kuwa mikono ya kigari imefungwa mwilini mwake, kila mruko unamtikisa aliyekaa nyuma. Kabla ya motokaa, farasi wa thamani alikuwa yule anayefikisha watu na mizigo sokoni haraka bila kumwaga kitu. Sifa hiyo ndiyo inayoshindaniwa mpaka leo, na ufundi wa dereva, kwa maoni yangu, unapita ule wa mpanda farasi wa kawaida, kwani humsukuma mnyama hadi ukingoni mwa shoti na kumzuia hapo hapo kwa hatamu.

Wenye gari za ng'ombe Unguja na Pemba wanalielewa hili vizuri: namna ya kufunga ndiyo inayobeba kazi yote. Ng'ombe wetu ana nundu, kwa hiyo nira hukaa mbele ya nundu hiyo na mnyama akasukuma kwa nguvu zake zote. Farasi na punda hawana nundu. Wao huvuta kwa ukanda mpana wa kifuani, ulio chini ya koo ili pumzi isibanwe na juu ya maungio ya mabega ili hatua isizuiwe. Nira ya ng'ombe ikiwekwa kwa punda hulala juu ya mifupa ya shingo, ikamchubua, na nguvu zake nyingi zikapotea bure. Tafadhali, anayefuga punda wa gari amshonee ukanda wake.