Sailensa haiongezi mbio
Ni imani ya siku nyingi: ukinunua Golf GTI, gari dogo la mbio la Volkswagen, badilisha sailensa kwanza, ikinguruma, nguvu imeongezeka. Sivyo. Kwenye injini ya turbo, yaani yenye feni inayoisukumia hewa, sailensa ya nyuma peke yake huongeza kelele tu, waulize majirani.

Anza na tairi. Mwendo wote, na kusimama kote, hupitia vipande vinne vya mpira, kila kimoja karibu sawa na kiganja. Chuchumaa usome tarakimu nne za mwisho kwenye namba ya DOT ubavuni: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huo umeshakakamaa, hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado nene.

Kisha pedi na mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu. Yakichemka mteremkoni, pedali huzama. Programu mpya ya kompyuta ya injini ndiyo huongeza nguvu kweli, lakini isubiri zamu yake.